Kinachouma ni Kurudia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mwandishi huumia kweli anapoandika tukio la huzuni, au ni mbwembwe za wasanii. Mimi naandika riwaya. Huumia, ila si pale ambapo wasomaji wengi hudhani.

Wengi hudhani maumivu yapo siku ile ya kumuua mhusika. Yapo, siyakatai. Mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alisimulia kwamba alipoandika mhusika wake Emma Bovary akila sumu, ladha ya aseniki ilimjaa mdomoni hadi akatapika chakula chake chote cha jioni. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens naye aliwaeleza rafiki zake jinsi alivyoteseka kukiandika kifo cha mtoto Nell, mhusika wa riwaya yake, mwanzoni mwa 1841, kwa kuwa kilimrudishia msiba wa shemeji yake Mary Hogarth, aliyefariki 1837 akiwa na miaka 17. Kisa hiki cha pili kinanigusa zaidi. Nell hakuwahi kuishi, Mary aliishi. Mwandishi hana huzuni ya kuazima dukani. Akitaka kilio cha mhusika kiaminike, itambidi afukue cha kwake.

Lakini siku ile hupita. Unalia, unanawa uso, unalala. Kazi ngumu huanza unaporudi kwenye rasimu. Unamsoma tena yule anayekata roho, safari hii ukiwa na kalamu nyekundu: pumzi itajwe kabla ya mkono au baada? Sentensi hii si ndefu mno? Kesho unarudia. Mswada ukitoka kwa mhariri unarudia, na kabla ya kuchapwa unarudia tena. Msiba wa kweli hutokea mara moja, na watu huja kukaa nawe. Huu unauanzisha upya kila asubuhi, peke yako, na unatakiwa uwe makini.

Katika riwaya yangu moja nilimpa mhusika maneno ya mwisho ya marehemu dada yangu. Niliyapunguza, nikayapanga upya, nikaondoa neno moja lililoharibu mapigo ya sentensi. Tukio likawa zuri, na wasomaji wameniambia hivyo. Ila sasa nikimkumbuka dada, sentensi yangu iliyonyooshwa hunijia kwanza, na yale aliyoyasema mwenyewe nalazimika kuyatafuta. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Machozi si kitu mbele yake.

Kuna wanaosema kuandika huponya, nao hutaja utafiti wa kisaikolojia wa James Pennebaker na Sandra Beall wa 1986. Wanafunzi walioandika kuhusu majeraha ya maisha yao, dakika 15 kwa siku nne mfululizo, walijisikia vibaya mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Nauheshimu utafiti huo. Hata hivyo, wale waliandika wakaondoka. Hakuna aliyewaambia warudi kuzinoa sentensi zao hadi mgeni alie.

Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, alimshauri mwandishi mwenzake, Lidia Avilova, kwamba akitaka kumgusa msomaji awe baridi zaidi. Kiufundi nakubaliana naye kabisa. Ukurasa unaolia wenyewe humwachia msomaji nini? Tatizo ni kwamba baridi hiyo haibaki mezani. Unamkumbatia rafiki aliyefiwa, na kipande cha akili yako kinaangalia jinsi mabega yake yanavyotikisika, kinaweka akiba. Hilo hunitisha kuliko ndoto mbaya.

Kwa upande wangu, siku hizi siifungi kazi ya siku kwenye kifo. Naandika kwanza mistari michache ya tukio linalofuata, hata kama baadaye nitaifuta. Watu wa nyumbani wanajua ninapofika sura za namna hiyo, hawaniulizi kwa nini sina maneno. Na mengine aliyoyasema dada siku zile nimeyaandika kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya sarufi, katika daftari ambalo sitachota humo kwa ajili ya hadithi yoyote.