Nishani ilihesabu majeraha, mimi nahesabu kamba

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza hivi: "Ni ofisa gani wa jeshi la majini ambaye unadhani aliistahili nishani yake ya ushujaa, na kama ungeruhusiwa kuongeza sentensi moja kwenye tangazo la nishani hiyo, ungeandika nini?" Nilicheka peke yangu nilipolisoma, kwa sababu jibu langu liko mahali ninapopita kila siku. Ninaishi Kigamboni. Asubuhi navuka kwa pantoni, jioni narudi nayo, na kila mara napita kwenye lango lile jembamba la bandari ambalo Novemba 28, 1914 mtu mmoja alilipita akiwa na majeraha manane mwilini.

Anaitwa Henry Peel Ritchie, Mskoti, mzaliwa wa Edinburgh mwaka 1876. Siku hiyo alikuwa na cheo cha kamanda kwenye Goliath, manowari kubwa ya Uingereza lakini iliyokwisha kuzeeka, mizinga yake mikuu ikiwa ya inchi 12. Goliath ilitia nanga nje ya Dar es Salaam pamoja na Fox, manowari ndogo zaidi. Ndani ya bandari, kwenye mkono wa bahari unaojipinda kuelekea Kurasini, zilikuwa zimejificha meli za Wajerumani: König na Feldmarschall, ambazo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zilibeba abiria, na Tabora iliyokuwa imegeuzwa meli ya hospitali. Waingereza walihofu kwamba meli hizo zingetumika kupeleka mahitaji kwa Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyokuwa imejichimbia kwenye delta ya Rufiji baada ya kuizamisha Pegasus pale Zanzibar mwezi Septemba. Wakaamua kwenda kuziharibu mitambo.

Manowari zenyewe hazikuingia. Mwezi Agosti, vita ilipoanza tu, Wajerumani walikizamisha chelezo chao kinachoelea, yaani gati la kutengenezea meli, pale mlangoni ili kuziba njia. Kwa hiyo kazi ikawa ya vyombo vidogo: mashua za mvuke na tagi (chombo cha kuvutia meli) iliyotekwa, Helmuth. Juu ya mji zilipepea bendera nyeupe. Kisa cha bendera zile ni kirefu na kina mvurugano wake. Agosti 8 manowari ya Waingereza, Astraea, ilikuwa imeushambulia mnara wa simu ya upepo, halafu pande mbili zikakubaliana kutoshambuliana, kisha serikali ya Uingereza ikayakataa makubaliano hayo. Mwezi Novemba kila upande ulikuwa na tafsiri yake. Waingereza walizichukulia bendera kuwa ni ahadi ya usalama. Wajerumani walilalamika baadaye kwamba walichokubali ni meli kukaguliwa, si kuvunjwa mitambo.

Basi Ritchie akaingia. Hakuna aliyempiga risasi. Alipanda meli, watu wake wakatega baruti kwenye mitambo, na ufukweni kimya. Kimya hicho hakikumpendeza. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wanaosimulia habari hii huwa wanaliruka jambo hili wakikimbilia risasi. Kabla ya kugeuza omo kutoka, alichukua matishali mawili, vyombo vya kubebea shehena, aliyoyakuta humo bandarini, akaamuru yafungwe moja kila ubavu wa mashua yake.

Nimefanya kazi ya matishali miaka 11 kabla mgongo haujanistaafisha, kwa hiyo mniruhusu niseme maana ya uamuzi ule. Tishali halina injini, na likiwa tupu huelea juu sana, ubavu wake ukasimama kama ukuta wa nyumba. Ukilifunga ubavuni mwa mashua ndogo, aliye ndani ya mashua haonekani kutoka upande huo. Hiyo ndiyo faida, na gharama yake ni kubwa. Mashua iliyokuwa ikienda kwa kasi sasa inajikokota. Usukani hauumi maji kama unavyotaka, kwa sababu maji yanayofika tezi yamekwisha vurugwa na matishali pande zote mbili. Unageuza, chombo kinafikiri kwanza, ndipo kinageuka, na wakati huo wewe umekwisha anza kukirudisha. Kamba moja ikilegea, tishali la upande huo linabaki nyuma na chombo kizima kinazunguka kama pia. Fanya hayo kwenye maji mapana, bado jasho litakutoka. Yeye alikuwa na njia moja ya kutokea, lile lango, ambalo hata leo wenye pantoni huliheshimu kwa mkondo wake.

Mzee aliyenifunza kazi, mtu wa Pemba tuliyemwita Babu, alikuwa na tabia iliyotuudhi vijana. Alikagua kamba wakati hakuna haja. Siku moja tulikuwa tunavuta saruji kutoka melini kwenda gatini, maji yametulia kama ya kwenye ndoo, akaniambia nifunge upya kamba ya mshazari.

"Babu, bahari si shwari?"

"Ndiyo maana nakwambia ufunge sasa."

Nilifunga shingo upande, fundo moja badala ya mawili. Kusi ilipoanza kuvuma nusu saa baadaye fundo lilifunguka, tishali likatuzunguka, na mimi nilipodaka kamba kidole gumba cha kushoto kikabanwa kwenye chuma. Hadi leo hakikunji. Babu hakunigombeza. Alinifunga kitambaa, kisha akaenda kuifunga ile kamba mwenyewe, mafundo mawili.

Kwa hiyo ninapomsoma Ritchie nakiangalia kidole changu. Mkuu wa chombo anayeona bendera nyeupe, anayeona hakuna aliyempiga hata jiwe, anayejua kwamba wenzake wanamsubiri nje na kwamba akichelewa ataulizwa, halafu anawaambia mabaharia wake wapoteze muda kufunga matishali. Nina hakika wapo walionung'unika. Mabaharia ni wale wale popote.

Walipokaribia kutoka, risasi zikaanza kutoka ufukweni, bunduki pamoja na silaha nzito. Aliyeshika usukani akapigwa. Aliyepokea naye akapigwa. Ritchie akaushika mwenyewe. Alipigwa kwenye paji la uso, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, nyonga, mguu. Jeraha la nane ndilo lililomzimisha. Tangazo la nishani linasema kwamba tangu jeraha lake kubwa la kwanza hadi la mwisho zilipita kati ya dakika 20 na 25. Pantoni yetu ikiwa nzima huvuka kwa dakika chache tu, hivyo mtu anaweza kwenda Magogoni, akarudi Kigamboni, akaanza kwenda tena, na Ritchie angekuwa bado yuko kwenye usukani anavuja damu. Mashua ilitoka. Yeye akapelekwa hospitali Zanzibar, akapona, ingawa hakurudi tena kuwa mtu wa vitani. Alistaafu mwaka 1917 akiwa na cheo cha kapteni, akafa Edinburgh mwaka 1958, mzee wa miaka 82. Goliath haikumsubiri: Mei 1915 ilizamishwa kule Dardanelles na Waturuki, ikafa na mamia ya mabaharia waliokuwa wenzake.

Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa katika jeshi la Uingereza. Ilitangazwa Aprili 10, 1915. Wapenda mabishano watasema nishani hiyo ya kwanza ya majini katika vita ile ni ya Norman Holbrook, aliyeizamisha manowari ya Kituruki kwa nyambizi B11 Desemba 13, 1914. Ukihesabu siku ya kutangazwa, ni kweli, kwani Holbrook alitangazwa ndani ya siku tisa tu. Ukihesabu siku ya tendo, Ritchie ametangulia kwa wiki mbili, na ni hapa hapa kwetu. Kuzamisha meli ni habari ya kufurahisha, hutangazwa upesi. Kutoka bandarini ukiwa hai haichangamshi magazeti.

Sasa najua wapo watakaoniandikia kwa hasira. Watasema: huyo shujaa wako alikuja kuuvunja mji wako. Ni kweli. Baada ya risasi zile, Goliath na Fox ziliupiga mji mabomu siku hiyo, na tena tarehe 30. Jumba la gavana, mahali ambapo leo ni Ikulu, liliharibiwa, na Waingereza wenyewe ndio waliokuja kulijenga upya miaka ya ishirini. Wenyeji wa mji hawakuulizwa na upande wowote kuhusu bendera, nyeupe wala nyingine. Na shambulio lenyewe lilibadilisha nini? Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 4, 1916, karibu miaka miwili baadaye, na kwa sababu nyingine kabisa. Baadhi ya mabaharia walioachwa kwenye meli siku ile walitekwa, pamoja na daktari wao. Ukiniuliza kama shughuli nzima ilikuwa ya busara, nitakujibu hapana. Waliotuma mashua ndogo ndani ya bandari ya adui wakitegemea bendera ambayo kila mtu aliielewa kivyake, wao hawakustahili nishani yoyote.

Lakini hamkuuliza kuhusu waliotuma. Mmeuliza kuhusu ofisa na nishani yake, na baharia huchukuliwa kwa kazi aliyoifanya ndani ya chombo alichopewa. (Watakaotaja Sanamu ya Askari na wapagazi wa Kariakoo, yaani Waafrika waliobebeshwa vita ile, wana haki yao, ila hiyo ni barua nyingine, tena ndefu kuliko hii.)

Nilifikiria pia kumtaja Geoffrey Spicer-Simson, ofisa mwingine wa majini wa Uingereza, kwa kuwa naye ni wa kwetu kwa namna fulani na kisa chake kinachekesha zaidi. Ndiye aliyeletwa Ziwa Tanganyika na boti mbili, Mimi na Toutou. Msicheke, Mimi hapo ni jina la paka kwa Kifaransa cha watoto, na mwenzake ni mbwa. Boti zilitoka Uingereza hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, zikakokotwa na magari ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikateremka Lualaba, zikapanda treni tena mpaka ziwani. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 waliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 9, 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Yeye akapewa nishani ya DSO na Waingereza na nyingine na Wabelgiji. Alikuwa na majivuno ya kupindukia, alivaa sketi, na watu wa pwani ya ziwa wakambandika jina Bwana Chifunga Tumbo.

Simnyimi sifa yake, ila nikipima naona kazi ngumu ya safari ile ilibebwa na watu wengi ambao nishani haikuwafikia. Wazo lilikuwa la mwindaji John Lee. Waliokata njia na kujenga madaraja ni vibarua wa Kongo. Halafu ilipojitokeza meli nyingine ya Wajerumani, Graf von Götzen, kubwa kuliko vyombo vyake vyote, Spicer-Simson hakutoka kwenda kupambana nayo. Pengine alikuwa na akili. Meli hiyo haikuguswa na Mimi wala Toutou. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, wakiwa wameipaka mitambo grisi vizuri; baadaye ikaibuliwa, na ndiyo hii meli ya Liemba tunayoijua. Ushindi wake ulikuwa wa kweli. Lakini siwezi kuonyesha kwa kidole saa moja ambapo mtu mwingine akikaa mahali pake, watu wa kwenye boti wangekufa. Kwa Ritchie naweza. Ondoa matishali mawili, na hakuna usukani wa kushikwa kwa dakika 25, kwa sababu dakika ya tano hakuna aliyebaki wa kuushika.

Ajabu ni kwamba tangazo halikuyagusa matishali hayo. Linasema aliongoza kazi ya kupekua na kubomoa hapa Dar es Salaam, kwamba alijeruhiwa vibaya mara kadhaa akaendelea na wajibu wake, kwamba aliwatia wengine moyo kwa mfano wake, na kwamba jeraha la nane lilimpotezea fahamu. Hakuna uongo humo. Ni kama kumsifu mpishi kwa jinsi alivyoungua vidole. Aliyeandika tangazo alikaa ofisini London na ripoti mbele yake, na katika ripoti majeraha yanahesabika: moja, mbili, mpaka nane. Kamba iliyofungwa kabla ya hatari haina nambari.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, sentensi yangu moja hii hapa, mtaiweka mwanzoni kabisa, kabla ya habari za damu: "Kabla risasi ya kwanza haijaifikia mashua yake, na bendera nyeupe zingali zinapepea, Kamanda Ritchie aliamuru matishali mawili yafungwe ubavuni, moja kila upande, akakagua kamba, ndipo akaondoka."

Hapo kwenye kukagua kamba nimeongeza mimi. Babu asingenisamehe nisipoongeza.

Msomaji wenu,
Kigamboni