Sehemu Inayokatwa Kwenye Hadithi za Wazee wa Tela

Baada ya alasiri kijiwe chetu cha kahawa pale Kurasini hujaa wazee wa tela, madereva wa malori ya masafa marefu. Wengine wamestaafu, wengine macho ndiyo yamewastaafisha. Birika linazunguka, kashata zinatembea, na ikifika kikombe cha pili mizigo huanza kuongezeka uzito. Huyu alipanda mlima Kitonga, kule Iringa, na tani 40. Yule anasema yeye 50, tena usiku, tena mvua. Kabla muadhini hajaita magharibi tumeshafika tani 80 na tela halijapata hata pancha.

Mzaramo wetu ndiye mchokozi. Kuna mzee wa Kinyamwezi, mtu wa Tabora, akithubutu tu kushika kiuno, anamkatia juu kwa juu: "Babu zako walitoka Tabora na pembe za ndovu begani, kwa miguu, mpaka Bagamoyo. Wewe umekalia kiti cha upepo, una gia 12, unalia nini?" Kijiwe kizima kinaanguka. Ni watani, hakuna anayekasirika.

Vijana waliotoka kupata leseni ya daraja E, ya malori makubwa, siku hizi huja kukaa pembeni wasikilize. Nimewatazama muda mrefu. Wanaondoka na tani vichwani, basi. Kila hadithi pale ina kipande kinachokatwa kwa sababu hakichekeshi, na hicho ndicho kilichomrudisha msimuliaji nyumbani. Nawaandikia hicho, wadogo zangu, kwa kadiri nilivyokiona.

Mimi nilianza utingo, msaidizi wa dereva, mwaka 1992, kwenye Scania 113. Kazi yangu ya kwanza mlimani haikuwa ndani ya kabini. Nilipanda Kitonga kwa miguu nyuma ya tairi la tela, gogo begani, ili gari ikigoma nilisukumize chini ya tairi kabla haijaanza kurudi. Unatembea hivyo mpaka juu, moshi wote wako. Nasema hili kwa sababu vijana wengi wa sasa wanaona aibu kuanza na utingo. Wanataka usukani mwezi wa kwanza. Ukiwa chini unaona vitu ambavyo aliye juu havioni: ekseli gani, yaani mhimili upi wa magurudumu, inabeba zaidi, paipu ipi ya upepo inavuja, tairi lipi limelegea na kumwachia mwenzake mzigo wote. Miaka minne niliyokaa chini ndiyo shule yangu. Leseni ilikuja baadaye.

Na sisi tuna wakubwa wetu. Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupitia Dar es Salaam, yakabebwa kwa malori kwenye barabara ya vumbi na tope iliyobatizwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, reli ya TAZARA ikaja katikati ya miaka ya 1970, na lami nayo ikafika. Mkongwe wetu kuliko wote alikuwa utingo mtoto enzi hizo. Ukimuuliza safari ilikuwa kilomita ngapi anajibu, "Hatukuhesabu kilomita. Tulihesabu springi zilizokatika."

Sasa Kitonga. Ukitoka Dar na mzigo unaupanda. Ukirudi na shaba unaushuka. Kijiweni wote wanasimulia kupanda, maana kupanda kuna kelele, kuna moshi, kuna utingo anayehema. Kushuka salama hakuna cha kusimulia. Na kushuka vibaya, mara nyingi msimuliaji hayupo tena kijiweni.

Wazee watakwambia gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa ile 113 yetu ilikuwa kweli tupu. Lakini gari za leo zenye nguvu farasi 460 zinapanda na gia ambayo sisi tungeitumia karibu na tambarare. Ukishuka na hiyohiyo, mzigo utakusukuma. Teremka gia moja au mbili chini yake, na uichague ukiwa bado juu, gari imetulia. Ukingoja katikati ya mteremko mwendo utakuwa umeshapanda, unatoa gia, nyingine haiingii, umebaki nyutro na tani 50 mgongoni. Hapo hakuna ufundi tena, kuna dua.

Dereva aliyenifundisha alikuwa anaendesha na kandambili. Akifika juu ya Kitonga, kabla ya kushuka, anaegesha. Ananituma chini ya tela na spana nibane breki huku yeye akizikanyaga na kuachia, tunasikilizana kwa kugonga bodi. Nikitoka namkuta amevua kandambili, amevaa viatu vya ngozi na kufunga kamba. Anazima redio. Anafungua kioo. Miaka mingi nilidhani ni mikogo ya mzee, mpaka siku nilipokuwa nashuka peke yangu nikasikia harufu ya breki ikiingia dirishani, mapema, kabla ya moshi. Kama kioo kingekuwa kimefungwa na muziki juu, ningejua nikiwa nimeshachelewa.

Kinachokushusha ni injini, pamoja na egzosti breki au ritada, vile vifaa vinavyopunguza mwendo bila kugusa breki za magurudumu. Breki ya mguu ni ya kusahihisha tu. Jipangie mwendo, tuseme kilomita 25 kwa saa. Ikifika 30, kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka ishuke 20, halafu achia. Achia kabisa, dramu ipate upepo. Wageni wengi wanabonyeza kidogokidogo kuanzia juu hadi chini wakidhani huo ndio uangalifu. Ule ulaini ndio unaochoma. Dramu ikipata moto inapanuka, inazikimbia laini za breki, zile bitana zinazoibana, na fimbo ya breki inafika mwisho wake bila kubana kitu. Ukianza kupampu kwa woga unamaliza upepo, geji inashuka, na breki za springi zinajifunga zenyewe mahali ambapo hukupachagua. Na ile breki ya mkono ya tela, usishuke ukiwa umeivuta. Nimewaona wanaofanya hivyo. Wanafika chini matairi ya tela yanafuka moshi, kisha wanalaumu fundi.

Mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi, kule Mbeya, nauogopa zaidi, ingawa kijiweni hauna jina kubwa kama Kitonga. Unaukuta ukiwa na mzigo wa kwenda, umechoka, akili imeshatangulia Tunduma mpakani, na chini yake hakuna pori bali mji: bodaboda, daladala, watu wanatoka sokoni. Fanya palepale yale uliyoyafanya Kitonga, bila kupunguza hata moja.

Baada ya mlima, mwalimu mkali ni mizani ya kupimia malori barabarani, na hapa nina aibu yangu mwenyewe.

Shaba inayotoka Zambia na Kongo inakuja kwa mafurushi ya bapa zilizofungwa mikanda ya chuma, furushi moja linazidi tani 2. Mafurushi kama 12 hivi tela limeshiba. Ukilitazama utadhani mtu kaweka magodoro machache katikati akaondoka. Ndiyo maana mgeni hajali yamekaa wapi. Anaona nafasi kibao. Safari moja niliwaachia vijana wa kupakia wapange wanavyotaka, nikaenda kula. Nikafika mizani moyo umetulia, maana jumla yangu nilikuwa naijua. Kweli ikasoma tani 49.3, chini ya 50 inayoruhusiwa kwa gari la ekseli sita kama langu. Nikaanza kuwasha gari. Kijana wa mizani akanionyesha mistari mingine: ekseli ya usukani tani 7.2, ekseli tatu za tela 22.5, na zile mbili za nyuma ya kichwa, gari lenyewe linalovuta tela, 19.6. Kikomo cha hizo mbili ni 18. Kuna nafuu ya asilimia 5 kwenye ekseli, inakufikisha 18.9. Mimi nilikuwa nimepita hata nafuu.

Mzigo wote ulikuwa halali na gari halina ruhusa ya kuondoka. Kilichotakiwa ni kusogeza mafurushi machache kama mita moja kurudi nyuma. Sasa sogeza tani 2 za shaba kwa mikono tuone. Nilisubiri folklifti siku mbili, nikalipa kwa mfuko wangu, na tajiri, mwenye gari, alikuwa anapiga simu kila saa akiuliza mita moja inachukuaje siku mbili. Mzaramo akikumbushwa hili anauliza kama mita ile niliipima kwa hatua za kobe.

Tangu siku hiyo siendi kula gari likipakiwa. Nasimama na chaki. Safari ikipita mizani vizuri, nachora alama kwenye bodi ya tela, furushi la kwanza lilianzia hapa, la mwisho liliishia pale. Safari inayofuata tunafuata chaki. Na jifunzeni namba zenu kwa moyo: usukani 8, ekseli mbili zilizoshikana 18, tatu 24. Ile jumla ya tani 56 mnayoisikia kwenye sheria ya Afrika Mashariki, inayotumika kwetu tangu 2019, ni ya ekseli saba. Kwenye jumla hakuna nafuu ya asilimia yoyote. Dereva akikwambia "ongeza tu, kuna asilimia 5", mwulize asilimia 5 ya nini.

Cheni nazo zikazeni mara mbili. Mzigo ukipakiwa bandarini unakaa kama umelala. Ukishatikisika mpaka Kibaha au Mlandizi umejipanga upya na cheni imelegea. Simama, zunguka, kaza. Dakika 10.

Wanaobeba mafuta wana lugha yao, mimi nilifanya mwaka mmoja tu nikaomba kubadilishiwa. Niliondoka na hili: tangi lililojaa linaendesheka kuliko la nusu. La nusu ukifunga breki, mafuta yanakwenda mbele na kurudi, gari imesimama lakini yenyewe bado yanasafiri, yanakusukuma kiunoni. Kwenye kona ni hivyohivyo, upande kwa upande. Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake. Na likianguka, au likivuja tu, kazi yako ya kwanza ni kufukuza watu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka. Walifariki zaidi ya 100. Kijiweni hiyo hatuitanii.

Hapa mjini kwenyewe watu wanapadharau. Wanadhani safari inaanza Chalinze. Mwenzetu mmoja kontena lake lilipinduka kwenye kona akiwa bado hajatoka Dar, mwendo wa kutembea tu, saa 9 usiku. Loki mbili kati ya nne zinazoshika kontena kwenye tela zilikuwa wazi. Alikuwa amemwuliza utingo "umefunga?", utingo akaitikia "nimefunga". Mungu alisaidia hakukuwa na daladala pembeni. Loki zifungwe na utingo, zikaguliwe na dereva, kwa tochi na kwa mkono. Vilevile ukiunga tela: ingia chini, mulika, uone kwa macho kingipini, ile pini ya tela inayoshikwa na kichwa, imekamatwa, halafu funga breki za tela na ulivute kidogo na gia ya kwanza. Likikataa kuachia, ndipo uende.

Matairi, nitasema kidogo: upepo upimwe asubuhi yakiwa ya baridi, na yale pacha gonga yote mawili kwa chuma, la ndani pia, sauti ya lililolegea utaijua yenyewe. Usingizi ukija, lala. Mirungi na soda za kuongeza nguvu zinakopesha, na mkopo wenyewe zinaudai Mikumi usiku, pale ambapo tembo akisimama barabarani hawashi taa. Sili ya forodha usiiguse hata ikikuwasha vipi. Mafuta ya tajiri, mnayajua wenyewe; ila kumbukeni siku hizi tangi lina kidude kinachohesabu lita na kumpigia yeye simu kabla yako.

Mzigo usiouelewa, uliza. Mimi nimekaa barabarani miaka 30 na ushee, na bado nikipewa kitu cha kubeba kwa lobedi, lile tela la chini la mizigo mikubwa, kama mtambo au transfoma, namtafuta aliyewahi kukibeba nimnunulie kahawa. Usimwulize alibeba tani ngapi. Mwulize alisimama wapi, na alisimama kwa nini. Utaona uso wake unabadilika, anaacha kucheka, anaanza kukuchorea kwa kidole mezani.

Jana Mzaramo alirudia wimbo wake wa pembe za ndovu. Mzee wa Tabora akamaliza kashata yake taratibu, akajifuta vidole.

"Babu yangu," akasema, "kila alfajiri kabla ya kuinua mzigo aliufungua akaufunga upya. Akafika pwani na pembe zote. Akamkuta babu yako kakaa chini ya mnazi, anamuuzia maji."

Muuza kahawa alicheka mpaka akamimina nje ya kikombe. Vikombe vyote vya jana alilipa Mzaramo.