Maswali ya wasomaji: Wingu la majivu liko wapi sasa hivi?

Tangu Hayli Gubbi ilipolipuka huko Ethiopia mwezi wa Novemba 2025, barua za volkano zimekuwa nyingi mezani kwangu kuliko za mvua. Kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuwaandikia marubani taarifa za hali ya hewa, kwa hiyo mhariri ameniachia ukurasa mzima.

*Shikamoo Bibi. Binti yangu anarudi kwa ndege keshokutwa, na leo nimesikia volkano imelipuka kwenye njia yao. Tangu alfajiri niko kwenye simu. Huyu anasema anga limefungwa, yule anasema wingu limeshatawanyika. Nimwamini nani? (Mama msafiri)*

Marahaba mwanangu, na pole. Weka kando kwanza wote wanaosambaza walichosambaziwa. Duniani kuna vituo tisa vilivyopewa jukumu la kufuatilia majivu ya volkano kwa ajili ya ndege, chini ya utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kwa kifupi huitwa VAAC, na vimegawana anga: London, Toulouse, Washington, Montreal, Anchorage, Buenos Aires, Tokyo, Darwin na Wellington. Sehemu kubwa ya Afrika iko mikononi mwa Toulouse, Ufaransa. Iceland inaangaliwa na London, na Indonesia inaangaliwa na Darwin. Taarifa zao ziko wazi mtandaoni bila malipo. Andika VAAC na jina la mji, utazipata.

Ukiifungua taarifa usitishwe na herufi kubwa na vifupisho. Tafuta saa. Utaona kitu kama 23/1200Z. Tarakimu mbili za mwanzo ni tarehe, zinazofuata ni saa ya dunia, UTC, inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo 1200Z usiisome saa kumi na mbili. Ni saa sita mchana ya UTC, na wakati huo Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri. Ugomvi mwingi ninaouona mtandaoni unatokana na hapo: wawili wanabishana juu ya wingu moja, kumbe mmoja kashika taarifa ya mchana na mwenzake ya usiku. Taarifa mpya hutolewa angalau kila baada ya saa sita maadamu majivu bado yapo angani, na ikishatoka mpya, ya zamani iache.

Kisha tazama kimo. FL350 ni kama futi 35,000, ndiko ndege kubwa za abiria zinakopita. Ukikuta SFC/FL150, majivu yametanda kuanzia ardhini hadi futi 15,000 hivi. Ndege iliyo safarini ya mbali huenda ikapita juu yake, lakini uwanja ulio chini ya wingu hilo uko mashakani.

Sasa nikuombe utulie hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotoka. Penye herufi OBS ni majivu yaliyoonekana, kwa setilaiti, kwa rubani aliyepita karibu au kwa watu walio ardhini. Penye FCST ni makadirio: kompyuta imechukua upepo na kimo cha wingu, ikahesabu litakuwa wapi baada ya saa 6, 12 na 18. Naiheshimu hesabu hiyo. Ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu. Lakini mtu akikata ramani ya saa 18 zijazo na kuituma kwa maneno "majivu yameshafika", amewatia watu hofu kwa jambo ambalo halijatokea, na pengine halitatokea. Kabla ya kuamini ramani yoyote, iulize hilo tu: imeonekana, au imekadiriwa?

Mwisho, fuata upepo. Hayli Gubbi ililipuka tarehe 23 Novemba. Safu ya majivu ilipanda kilomita 14 hivi, ikadakwa na upepo mkali wa juu, ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Oman, na baadaye ikafika anga la Pakistan na kaskazini mwa India, ambako safari za ndege zilifutwa. Aliyepima umbali kutoka mlimani kwa rula asingeelewa kwa nini abiria wa Delhi wamekwama. Aliyefuata upepo alielewa.

Kwa binti yako, basi: taarifa ya leo haifiki siku ya safari yake. Itazame kesho jioni. Na uamuzi wa kuruka si wa ramani peke yake, ni wa shirika la ndege na waongoza ndege, kwa hiyo awapigie kabla hajatoka nyumbani. Leo usiku lala.

*Bibi, mbona rubani asilione wingu kwenye rada yake akalikwepa kama anavyokwepa mvua? (Kijana mpenda ndege)*

Rada ya ndege imetengenezwa kunasa matone ya maji, na chembe za majivu ni ndogo mno kwake. Usiku hata macho hayafui dafu. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa futi 37,000 karibu na kisiwa cha Java ilipoingia kwenye majivu ya mlima Galunggung, na hakuna aliyekuwamo ndani aliyejua ni kitu gani. Injini zote nne zilizimika. Rubani Eric Moody na wenzake waliishusha ikielea bila nguvu mpaka wakatoka chini ya wingu, injini zikawaka tena, wakatua Jakarta na kioo cha mbele kimekwaruzwa kiasi cha kutoona vizuri njia ya kutua. Wote walisalimika. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Desemba 1989, ndege ya KLM nayo ilipoteza injini zake nne juu ya Alaska kwa majivu ya Redoubt, ikafanikiwa kuziwasha na kutua Anchorage.

Majivu hayo ni mwamba na kioo kilichosagika. Joto la injini huyayeyusha, kisha hugandia mbele kidogo, kwenye sehemu zenye nafuu ya joto, na kuziba njia ya hewa. Injini inakosa pumzi. Mikasa kama hiyo ndiyo iliyofanya vituo vile tisa vianzishwe katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba safari imefutwa na mbingu ni ya buluu, msimulie habari ya Jakarta.

*Shikamoo Bibi. Nimetumiwa picha ya setilaiti, wingu la volkano lina rangi ya waridi. Kaka yangu anasema ni moto, mimi nasema picha imechezewa. Nani kashinda? (Dada wa mbishi)*

Marahaba. Hakuna aliyeshinda. Rangi imetiwa na kompyuta kwa makusudi, na picha ni ya kweli.

Setilaiti hupima mionzi ya joto ambayo jicho halioni. Wingu la maji au barafu huinyonya mionzi hiyo kwa namna moja, wingu la majivu kwa namna nyingine, na tofauti hiyo ndiyo hupewa rangi. Katika picha za aina hiyo majivu hutokea mekundu au ya waridi, gesi ya salfa dioksidi hutokea kijani, na vikichanganyika huelekea manjano. Setilaiti za Meteosat na Himawari hutoa picha mpya kila baada ya dakika 10 au 15. Zikipangwa mfululizo unaliona wingu likijinyoosha na kupinda, na mimi mpaka leo hunisisimua.

Ila waridi likipotea usishangilie mapema. Majivu yaliyobeba barafu nyingi, au yaliyofunikwa na mawingu ya mvua, hujificha. Na wako wanaosambaza ramani ya gesi wakidhani ni ya majivu. Grímsvötn ya Iceland ilipolipuka Mei 2011, gesi nyingi ilipanda juu ikaelekea kaskazini, majivu yakabaki chini yakaelekea kusini, upande wa Ulaya. Aliyefuata gesi alikuwa anatazama kwingine kabisa.

Hata hivyo setilaiti imetuokoa na makosa mengi. Mwezi mmoja tu baadaye, Juni 2011, habari za mwanzo kutoka Eritrea zilisema kilicholipuka ni Dubbi. Picha za kutoka juu zikaonyesha ni Nabro, mlima jirani.

*Mtandaoni wameandika volkano iko "kiwango chekundu". Ndugu zetu wanaishi karibu nayo. Wahame? (Msomaji mwenye wasiwasi)*

Uliza kwanza rangi hiyo ni ya nani. Kuna mfumo wa rangi nne, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, uliowekwa kwa ajili ya ndege. Nyekundu yake husema mlipuko wenye majivu mengi unaendelea au unakaribia. Haisemi lolote kuhusu nyumba zilizo bondeni. Kinyume chake pia hutokea: tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilimwaga lava iliyofika viunga vya Goma, ikateketeza nyumba na kuua watu, na hatari ile ilikuwa ardhini. Ndugu zako wafuate amri ya serikali ya mahali pao na ya kituo kinachoupima mlima wao. Wakiambiwa ondokeni, waondoke usiku huohuo.

*Kuna video inazunguka ya mlipuko, wanasema ni wa leo. (Msomaji)*

Tazama taarifa ya kila wiki ya Smithsonian, taasisi ya Marekani, ya mpango wao wa volkano za dunia. Kama mlima huo haumo, na VAAC ya eneo hilo haijaandika kitu, huenda video hiyo ni ya zamani au ni ya mlima mwingine. Usiisambaze.

*Bibi, mimi ni mwalimu. Nilitaka darasa langu litazame volkano kwa kamera ya moja kwa moja, lakini mara nyingi tunaona weupe mtupu. Kuna njia nyingine? (Mwalimu wa jiografia)*

Ipo, mwalimu, na nafurahi umeuliza. Volkano Eyjafjallajökull ilipolipuka chini ya barafu tarehe 14 Aprili 2010, watu wa nchi nyingi waliifungulia kamera kila asubuhi, na siku nyingi walikutana na ukungu. Walioendelea kujifunza ni wale waliofungua pia michoro ya mitetemo ya ardhi, ambayo idara ya hali ya hewa ya Iceland huiweka wazi. Ukungu hauuzibi mtetemo. Wanafunzi wakiona mstari uliokuwa mwembamba ukinenepa na kubaki mnene, wanasoma mlima kwa njia wanayoisoma wataalamu. Kisha wafungulie ramani ya safari za ndege, waone jinsi anga la Ulaya lilivyoweza kubaki tupu kwa siku kadhaa mwezi ule, safari 100,000 hivi zikafutwa.

Na ukifika kwenye somo la volkano ya Tonga, visiwa vya bahari ya Pasifiki, usiwaonyeshe tu ile picha ya tarehe 15 Januari 2022, safu ikipanda kilomita 57. Waambie kwamba mlipuko huo ulikata kebo ya mawasiliano chini ya bahari. Dunia nzima ilikuwa inautazama kwenye simu, na Watonga wenyewe hawakuweza kuwaambia jamaa zao walio ng'ambo kama wako hai. Kebo ya kwenda nje ilirudi baada ya wiki tano hivi. Watoto wakiuliza kwa nini hakukuwa na video nyingi kutoka visiwani siku zile za mwanzo, jibu ni hilo.