Kabla hujanunua mashine ya kufulia, hesabu ndoo

Jumamosi moja asubuhi niliuchomoa mpira wa kutolea maji wa mashine yangu ya kufulia kutoka kwenye shimo la bafuni, nikauingiza kwenye ndoo ya lita 20, nikavuta kigoda. Mkononi nina kalamu na daftari la hesabu la mwanangu. Ndoo ikijaa naubana mpira, nahamia ndoo ya pili, naweka alama. Mume wangu alipita akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia hapana, nataka kujua inakunywa kiasi gani.

Sikufanya hivyo kwa kukosa kazi. Tunakaa Tabata, Dar es Salaam, na mgao wa maji wa Oktoba 2022, ule wa mto Ruvu kupungua, ulinikuta na watoto watatu, sare za shule, na mashine mpya ya mlango wa juu ya kilo nane niliyoambiwa dukani kuwa "inabana sana maji". Wiki hizo maji yalikuwa ya boza, na kila lita niliiona ikiondoka. Mashine haikuwa inabana chochote. Nikaanza kujiuliza kama nimedanganywa au kama kuna jambo silijui. Kumbe ni la pili.

Nilifua mara mbili, nguo zilezile kadiri nilivyoweza, programu ileile ya kawaida: kufua mara moja, kusuuza mara mbili. Mara ya kwanza niliziweka zikiwa kavu. Zilitoka ndoo sita. Mara ya pili nilifanya kama tunavyofanya wengi wetu: nililoweka nguo tangu jana yake kwenye beseni, nikazitupia zote zikiwa zimelowa chapachapa, nikabonyeza kitufe cha kuanza. Zilitoka ndoo tisa na nusu. Nguo zilezile! Tofauti ni lita 70 kwa mfuo mmoja, na mimi nafua mara tatu kwa wiki. Kwa mwezi hizo ni lita 840, tangi la lita 1,000 linakaribia kuisha bila nguo hata moja ya ziada kufuliwa.

Sababu yake nimeielewa baada ya kusoma kile kijitabu ambacho huwa tunakitupa pamoja na boksi. Mashine nyingi za kisasa za mlango wa juu, kabla ya kufungulia maji, huzungusha kidogo ile sahani ya chini ya pipa inayogeuza nguo, nguo zikiwa kavu. Inazisikilizia uzito. Ikikuta sahani inazunguka kwa taabu, inasema mzigo ni mkubwa, inachagua kiwango cha juu cha maji. Sasa shuka lililolowa lina uzito mara mbili au zaidi ya lilivyokuwa kavu. Mashine haijui kuwa huo uzito ni maji, inahesabu nguo. Na kosa hilo halifanyiki mara moja tu, kwa sababu kiwango kilichochaguliwa wakati wa kufua ndicho kinachorudiwa kila inaposuuza. Umekosea mara moja, umelipa mara tatu.

Kwa hiyo ukitaka kuloweka, una njia mbili. Weka nguo kavu, iache mashine ipime na kujaza maji, kisha bonyeza kusimamisha na uziache zilowe humohumo. Au loweka kwenye beseni kama ulivyozoea, lakini chagua kiwango cha maji mwenyewe kwa kitufe. Hapa nasema kwa msisitizo: usinunue mashine ya mlango wa juu isiyo na kitufe cha kuchagua kiwango cha maji. Zipo, zinajiamulia kila kitu, na muuzaji atakuonyesha hilo kama sifa. Kwa nyumba ya Dar es Salaam hiyo ni kasoro.

Nilipoanza kuhesabu sikuweza kuacha. Nilikwenda kwa wifi yangu Kigamboni mwenye mashine ya mlango wa mbele, tukahesabu na yake: zaidi ya ndoo mbili na nusu, kasoro kidogo ndoo tatu. Hapo hakuna ubishi. Pipa lililolala huzizungusha nguo na kuzidondosha ndani ya maji machache, halihitaji kuzielesha. Ile ya mlango wa juu lazima izieleshe nguo ili zisuguane zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana maji yakiwa kidogo mno nguo hazigeuki, zinasagwa na sahani pale chini na kanga zinatoka zimejifunga mafundo. Na zile kubwa zaidi zenye mti katikati, za mtindo wa zamani wa Marekani, huweza kufika lita 150 na zaidi kwa mfuo mmoja hata nguo zikiwekwa kavu. Ukiikuta moja imeletwa imetumika, angalia pia kibandiko cha nyuma: ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), yetu ni 230 na 50. Transfoma itarekebisha volti, hezi haitazigusa.

Kisha nikaenda kwa mama yangu, Mbagala. Yeye ana ile ya matangi mawili, ya kuzungusha vitufe kwa mkono, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naiona ya kizamani. Alifua mafungu matatu kwa ndoo kumi. Wastani wa ndoo tatu na kitu kwa fungu, karibu sawa na ya wifi! Siri yake ni kuwa maji ya kufulia ni yaleyale: anaanza na nguo nyeupe, zinafuata za rangi, mwisho matambara na suruali za kazini. Tena kabla ya kusuuza anazikamua kwanza kwenye tangi la pembeni, maji ya sabuni yanatoka, kwa hiyo kusuuza mara moja kunatosha. "Mwanangu," aliniambia akiwa ameshika kiuno, "mimi maji nimeyabeba kichwani, siwezi kuyamwaga yakiwa bado yana kazi." Gharama yake ni jasho. Lazima usimame hapo, uhamishe nguo, ufungue na ufunge maji. Kama nyumbani kuna mtu wa kufanya hivyo na maji ni ya kununua, sioni mashine itakayoishinda hiyo kwa bei yake.

Labda utauliza kwa nini basi nisimshauri kila mtu anunue ya mlango wa mbele. Ni kwa sababu ya presha ya maji. Kwenye mashine otomatiki maji hayafunguliwi na bomba, yanafunguliwa na valvu ya umeme, na valvu hiyo inataka maji yaisukume. Vijitabu vingi nilivyosoma vinataja kiwango cha chini cha kama 0.03 mpaka 0.05 megapaskali. Kwa lugha ya nyumbani, kila mita moja ya kimo cha maji inakupa 0.01. Yaani unahitaji mita tatu mpaka tano kutoka usawa wa maji kwenye tangi hadi pale mpira unapoingia kwenye mashine. Sasa toka nje uangalie mnara wa tangi lako. Wa kwangu una mita mbili. Mashine yenyewe inapokea maji kimo cha mita moja. Imebaki mita moja, ongeza na maji yaliyomo tangini, na yakishuka nusu hakuna kitu. Miezi ya mwanzo mashine ilikuwa inajaza kwa robo tatu ya saa, kisha inaanza kulia na kuandika herufi za hitilafu. Nilimwita fundi mara mbili kwa ugonjwa ambao haukuwa wa mashine.

Hapo ndipo ya mlango wa juu inapopendeza kwa mji huu. Unafungua mfuniko na kumimina kwa ndoo. Kile kipimo cha maji ni kimpira chembamba chenye hewa kinachoshuka mpaka chini ya pipa. Maji yakipanda yanaibana hewa, kifaa kinajua kimefikia kiwango, hakijali yametoka bombani au kwenye dumu. Maji yakikatika katikati ya kufua, nakamilisha mfuo kwa madumu. Ya wifi ikikatikiwa inafunga mlango wake na kusubiri, na nguo zimo ndani. Pia soksi iliyosahaulika unaitupia tu.

Kama unataka presha bila kunyanyua mnara, kuna pampu ndogo za kuongeza msukumo zinazojiwasha maji yakifunguliwa. Nimefunga moja, kujaza kumeshuka mpaka dakika nane. Lakini anza na kile kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa valvu, pale unapofungia mpira. Baada ya kila katizo la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, bomba huleta kutu na mchanga, na kichujio kinaziba. Funga bomba, chomoa umeme, fungua mpira, kivute kwa koleo, kisugue kwa mswaki. Kazi ya dakika tano, na nimewaona watu wakilipia valvu mpya kwa sababu yake.

Nije kwenye kudumu, maana hapa ndipo nilipoumia. Hii ninayohesabia ndoo ni ya pili. Ya kwanza, jina lake naliacha, ilikufa haijamaliza miaka mitatu. Niliiweka barazani, panapopita hewa, nikijua nimefanya vizuri. Hewa yenyewe ya pwani ina chumvi. Miguu na kingo za bati la chini zilianza kutoa malengelenge ya rangi, yakapasuka, kutu ikala. Kisha siku moja umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, taa zikamulika kupita kiasi, na mashine ikazima moja kwa moja. Fundi alipofungua paneli ya juu harufu ilitusalimia kabla ya maneno. "Mama, bodi imeungua," akasema, yaani ile sahani ya umeme inayoiongoza mashine, akanionyesha doa jeusi lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bodi mpya ilikuwa karibu nusu ya bei ya mashine, na ya kuagizwa. Tulifua kwa mikono miezi miwili na nusu, kisha nikaiuza kama skrepa.

Tangu hapo nina masharti. Friji gadi au stabilaiza ya kuikinga na umeme unaopanda na kushuka ni lazima, na baada ya kufua naichomoa kabisa ukutani. Mashine inakaa ndani, juu ya stendi ya plastiki. Chini yake nimefunga wavu wa chuma, kwa sababu mashine nyingi za mlango wa juu ziko wazi chini na panya wanaingia kutafuna nyaya na mikanda. Usilipuuze hilo kama nyumba yako ina ua.

Kuhusu mota, zile zinazozungusha pipa moja kwa moja bila mkanda, ambazo LG ndiyo iliyozitangaza sana hapa kwetu, zina vitu vichache vya kuchakaa na kelele yake ni ndogo. Za mkanda si mbaya, mkanda ni rahisi na fundi yeyote anaubadilisha. Angalia maandishi ya warantii kwa makini: ile miaka kumi iliyobandikwa mbele kwa kawaida ni ya mota peke yake. Kinachokufa mapema katika mazingira yetu ni bodi, valvu, pampu ya kutoa maji na sili, yaani mpira wa kuzuia maji, ya chini ya pipa. Sili ikianza kuvujisha, maji yanafika kwenye beringi, na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ya wifi, beringi haichukui muda kuanza kunguruma. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji bodi na valvu ya modeli hiyohiyo vinapatikana wapi hapa mjini. Akianza kukuzungusha, rudi nyumbani na hela yako.

Sabuni nayo ina mkono wake kwenye maji. Ile ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu, na povu jingi linakufanya usuuze mara ya tatu. Tumia ya otomatiki, au punguza kipimo mpaka nusu na uiyeyushe kwanza kwenye jagi, usije ukaona michirizi myeupe kwenye suruali nyeusi. Na vitu visivyopitisha maji, kama mpira wa kitanda cha mtoto, mimi siviweki kabisa. Vinashika maji kama mfuko, na wakati wa kukamua pipa linaelemea upande mmoja. Novemba 2016 Samsung iliitisha mashine kama milioni 2.8 za mlango wa juu nchini Marekani kwa sababu mfuniko ungeweza kuchomoka mashine ikitikisika wakati wa kukamua, na tahadhari ilihusu hasa matandiko, vitu vizito na visivyopitisha maji. Tangu nisome hilo, mashine ikianza kugonga naisimamisha na kuzipanga nguo upya, hata kama wali uko jikoni.

Maji ya kusuuza ya mwisho siyamwagi. Mpira wangu haujarudi kwenye lile shimo la bafuni, unaingia kwenye pipa la lita 100, ndiyo yanayosafishia choo na kupigia deki.

Juzi wifi amenipigia simu: beringi za mashine yake zimeanza kunguruma kweli, anataka kubadilisha, na kuna kijana Kariakoo amemwambia achukue ya kilo kumi na mbili, "inafua mpaka blanketi." Nyumbani kwake wako watatu. Nimemwambia asilipe kwanza. Jumapili navuka na feri, nakwenda na tepu ya kupimia, tuanze na mnara wa tangi lake.