Muulize Fundi Gita: Funguo Hazina Kosa

Swali: Shikamoo fundi. Napiga solo kwenye kwaya yetu hapa Morogoro. Gita langu la umeme lilikuwa na nyuzi namba 9 (uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.009), nikaweka namba 11 (0.011) nipate sauti nzito. Tangu hapo uzi wa tatu hautulii. Nikiukaza unalia "ting!" na kupitiliza sauti ninayoitaka; nikiuvuta kwenye solo, haurudi palepale. Nimeshauriwa ninunue funguo mpya za kukazia nyuzi. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Pesa ya funguo iweke kwanza. Hiyo "ting" yako imeshajibu swali: uzi umebanwa kwenye kidaraja cha juu, kile kipande chenye mifereji sita pale shingo inapokutana na kichwa. Unazungusha ufunguo, uzi unakazika upande wa kichwa tu, halafu unachomoka ghafla.

Katika seti ya 9 uzi wa tatu una unene wa inchi 0.016, katika ya 11 ni 0.018. Wa sita umetoka 0.042 ukafika 0.048 au 0.049, inategemea mtengenezaji. Mifereji ilichongwa kwa zile nyembamba. Na kama kichwa chako kina funguo tatu kila upande, uzi wa tatu na wa nne hupinda kona kali zaidi, ndiyo maana hulalamika mapema.

Jaribu penseli laini kwanza. Toa uzi mferejini, paka unga wa penseli, rudisha, tyuni. Kwa kuruka seti mbili sina matumaini makubwa, ila haina gharama.

Ikishindikana, panua mfereji, lakini usiuchimbe. Tupa maalumu za kazi hii ni ghali. Nenda wanakouza vifaa vya kulehemu, uliza vile visindano vya kusafishia ncha ya tochi ya gesi. Huuzwa kwa seti, kila kimoja na unene wake. Chagua kinachozidi uzi kidogo tu, kama inchi 0.002. Sugua kuta za mfereji, si sakafu yake, ukifuata mteremko wa kuelekea kichwani. Mikwaruzo miwili, rudisha uzi, sikiliza. Msumeno wa chuma usiutaje mbele yangu!

Kina utakipima hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), chungulia juu ya freti ya kwanza. Lazima pawe na mwanya, hata wa unywele. Ila kabla ya kupima chochote tazama shingo, maana namba 11 huvuta kwa nguvu. Ikiwa imepinda mbele, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, usizidishe.

Swali: Fundi, mimi nimerudi kwenye nyuzi nyembamba, sasa uzi wa kwanza ukipigwa wazi unavuma kama nyuki. Nikibonyeza freti yoyote, safi. Nibadilishe kidaraja?

Jibu: Mfereji wako umezidi kina au upana. Unaweza kuujaza unga wa mfupa na tone la supaglu, kisha uuchonge upya. Mimi ningebadilisha. Mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani unafaa sana, ukichemshwa, ukatolewa mafuta yote na kukaushwa vizuri. Kata rangi kuzunguka kidaraja cha zamani kwa wembe ndipo ukigonge taratibu kwa kipande cha mbao, la sivyo rangi itabanduka nacho. Kipya kishike kwa matone mawili ya gundi, basi. Atakayekuja kukitoa siku nyingine huenda ni mimi.