Zile chipsi zako 12,000

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili huku mama yako akiwa jikoni, maana akisikia neno poka, huu mchezo wa karata na dau, humu ndani hatulali. Unauliza: shindano uliliingia na chipsi 10,000, vile vipande vya kuwekea dau, ukafika 12,000, na bado ukatoka mapema. Ulikosea wapi?

Ulizihesabu kama hela za mfukoni. Kwenye shindano swali ni moja: zinatosha blaindi kubwa ngapi, yaani lile dau la lazima? Mwanzoni dau hilo lilikuwa 50, kwa hiyo ulikuwa na blaindi 200. Ulipofika 12,000, dau lilishapanda hadi 1,200. Zimebaki kumi! Wewe unajiona umepanda, kumbe unazama.

Halafu ukapata ree na saba, jirani akapandisha hadi 2,400, nawe ukafuata "nione tu". Karata tatu zikafunuliwa mezani, hamna chako, ukalaza karata zako. Sehemu ya tano ya mali yako imekwenda kwa kuchungulia. Ukiwa na blaindi kumi hakuna kuchungulia: unasukuma chipsi zote au unatupa karata. Anayetangulia kusukuma ana njia mbili za kula: wenzake watupe, au karata zake ziwe bora. Anayefuata anayo hiyo ya pili tu. Ree na saba, mwenzio keshapandisha? Tupa, uagize chai.

Mimi kosa langu lilikuwa jingine, na hili mama yako hajawahi kulisikia. Usiku mmoja kasino tulibaki kumi, wanalipwa tisa. Kwenye kona kulikuwa na mzee mwenye chipsi mbili, anazipanga, anazipangua, soda yake anainywa taratibu. Mimi nilikuwa wa pili kwa wingi. Nikashika ree na malkia, yule wa kwanza akaweka zote, nami kwa kiherehere nikafuata. Akafunua wafalme wawili. Nikatoka wa kumi, mikono mitupu, na mzee wa soda akalipwa. Ningelaza tu karata nikamsubiri mzee aishiwe chipsi! Chipsi zikiisha umetoka, lakini ukizipata mara mbili, zawadi haiongezeki mara mbili.

Huyo Chris Moneymaker unayemtaja, ni kweli: mhasibu, alifuzu kwa mtandao kwa kiingilio kidogo, akabeba dola milioni 2.5 kwenye shindano la poka kule Las Vegas mwaka 2003. Walioingia walikuwa 839. Hebu nitajie watatu wengine.

Kuzuga, yaani kujifanya una karata nzuri ili wenzako watupe, usikuhangaikie sasa. Wageni wenzako mezani hawatupi karata, utamzuga nani? Na kiingilio kisitoke kwenye kodi ya nyumba, hilo sitalirudia.

Ukicheza tena niandikie. Karata mbovu ulizopata usinihadithie. Niambie tu kila ulipoweka dau ulikuwa na blaindi ngapi.

Baba yako