Muulize Fundi: EPD ya sakafu haiazimwi

Mwalimu, shikamoo. Tuna karakana Industrial Area, Nairobi. Tunatengeneza miguu ya sakafu za kuinuliwa, zile za ofisi na vyumba vya seva ambazo nyaya hupita chini yake. Paneli tunaagiza China. Mwezi uliopita msanifu wa jengo moja Westlands alitaka EPD ya sakafu yetu, yaani tamko lake la mazingira, la sivyo atafute wengine. Paneli za China zinayo. Tunaweza kuichukua tukaweka nembo yetu? Yuko pia mshauri aliyetuahidi kututengenezea yetu kwa wiki 2.
*Msomaji, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Nembo usiweke. Na huyo wa wiki 2 mwombe akuonyeshe moja tu aliyowahi kuikamilisha, yenye nambari ya usajili, kisha uitafute mwenyewe kwenye orodha ya mpango ulioisajili. Mipango hiyo iko wazi kwa kila mtu: kuna EPD International ya Sweden, kuna IBU ya Berlin, na mingineyo. Isipoonekana humo, umeuziwa kijitabu chenye picha za majani mabichi.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana nayo: EPD ni tamko la mazingira la bidhaa. Kiwango chake ni ISO 14025, na kwa vifaa vya ujenzi wengi hufuata EN 15804 ya Ulaya. Mtengenezaji anahesabu malighafi, usafiri, umeme, taka, mpaka siku bidhaa inapotupwa, halafu mhakiki asiyefungamana naye anazipitia hesabu hizo kabla hazijachapishwa. Kwa kawaida hudumu miaka 5. Wengi wanakosea kwa kudhani ni cheti cha kusifiwa. Pakiti ya biskuti ikiandikwa ina sukari gramu kadhaa, haijakwambia ule wala uache. EPD nayo ni hivyo hivyo. Unaweza kuwa na sakafu chafu kupindukia na EPD safi kabisa.

Najua kazi hii kwa sababu niliwahi kuifanya kwa mikono yangu, Sharjah, nilipokuwa msimamizi wa ubora kwenye kiwanda cha paneli za chipbodi. Bosi alinipa jedwali la Excel lenye safu 12, moja kwa kila mwezi, akasema, "Jaza." Nikadhani ni kazi ya siku 2.

Nilianza na umeme. Mita ilikuwa moja, na tulikuwa tunachangia na jirani aliyetengeneza milango ya alumini; kodi nusu kwa nusu, umeme nusu kwa nusu. Mimi nikaandika nusu. Mhakiki akauliza swali moja tu: nusu kwa kigezo gani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Jirani alikuwa na mashine 3 ndogo, sisi tulikuwa na presi ya moto inayonguruma kutwa. Tukafunga mita ndogo upande wetu, tukaanza kuhesabu upya.

Halafu mizani. Katalogi yetu ilisema paneli ina kilo 11. Nikaichukua moja, milimita 600 kwa 600, nikaiweka kwenye mizani ya stoo: kilo 12.7. Nikachukua ya pili, ya tatu, zote hapo hapo. Katalogi ilikuwa imenakiliwa kutoka paneli ya zamani iliyokuwa nyembamba, na kwa miaka hakuna aliyepima. Fikiria: kila hesabu ya usafiri, ya chuma, ya mbao, ilikuwa imesimama juu ya namba ile.

Mwisho ilikuja habari ya vumbi la mbao. Msumeno unaponyoosha kingo za paneli, vumbi hufyonzwa na kuingia magunia. Magunia yanaenda wapi? Ilibainika kuna bwana mmoja mwenye banda la kuku aliyekuwa akija na pikapu kila Alhamisi kuyachukua bure. Mhakiki akataka karatasi. Basi nikaendesha gari jangwani na barua mkononi, kumwomba mwenye kuku aandike amechukua kilo ngapi. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alitia sahihi. (Vumbi la chipbodi lina gundi ndani yake, kwa kuku wangu mimi nisingelitandika, na nilimwambia hivyo.)

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujamlipa mshauri yeyote, fanya haya mwenyewe. Kusanya ankara za umeme za miezi 12 mfululizo. Kusanya risiti za dizeli ya jenereta na gesi ya foklifti, hata zile zilizochakaa mfukoni mwa dereva. Pima mguu mmoja kamili, pamoja na nati yake na kichwa chake. Uliza skrepa inaenda kwa nani na kwa kilo ngapi. Ukiwa na hayo, mshauri mwaminifu ana pa kuanzia. Ukiwa huna, hata awe profesa atabuni. Na kazi nzima ihesabu kwa miezi. Malipo huwa mafungu matatu: anayetathmini, anayehakiki, na ada ya usajili. Uliza yote matatu siku ya kwanza.

Sasa uzito wa mambo uko wapi? Si pale unapodhani. Chukua mita 1 ya mraba ya paneli kama yetu ya Sharjah, chipbodi ya milimita 38 iliyofunikwa bati la nusu milimita juu na chini. Chipbodi ni kama kilo 27. Mabati yote mawili kwa pamoja hayafiki kilo 8. Lakini tani 1 ya chuma duniani kwa wastani hutoa karibu tani 2 za hewa ya ukaa, na ya tanuru la makaa huzidi hapo, kwa hiyo zile kilo 8 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya moshi. Miguu yako nayo ni chuma kitupu. Umeme wa Kenya unatoka zaidi kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana, hivyo mashine zako hazitakuaibisha, labda jenereta. Kitakachokuhukumu ni chuma unachonunua: kimetoka kwenye tanuru la makaa au kimeyeyushwa kutoka skrepa kwa umeme? Muulize muuzaji wako leo. Akikwambia hajui, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Kuhusu ile EPD ya China: ina kazi, ila si kazi ya kuvishwa nembo yako. Inazungumzia paneli zile, za kiwanda kile. Ukija kutengeneza ya kwako, namba zake za mpaka mlangoni pao zinaweza kuingia kama malighafi, kisha unaongeza meli mpaka Mombasa, lori au reli mpaka Nairobi, na miguu yako. Hakikisha tu haijapitwa na muda, na paneli iliyotajwa humo ni ile ile unayoletewa kwenye kontena. Nimewahi kuona EPD ya paneli ya chipbodi ikiandamana na kontena la paneli za chuma zilizojazwa saruji, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa msanifu wako, mwambie ukweli: paneli zina EPD ya mtengenezaji wake, hii hapa, miguu bado. Halafu muulize anaihitaji kwa ajili ya nini. Kama jengo linatafuta alama za LEED toleo la 4, mfumo wa Marekani wa kupima majengo kwa utunzaji wa mazingira, kinachohesabiwa ni bidhaa zisizopungua 20 kutoka kwa watengenezaji wasiopungua 5, katika jengo zima. Pengine ameshafikisha 18 na paneli zinamtosha. Pengine ana 6 na anahangaika, na hapo umepata mteja atakayekuwa na subira.

Fundi, salaam kutoka Muscat. Nimepewa EPD 2 za sakafu nilinganishe. Moja ina kaboni ya kutoa, yaani chini ya sifuri! Kweli sakafu inasafisha hewa?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykum salaam. Natabiri hiyo ya kutoa ni ya chipbodi, na wewe umesoma safu za A1 mpaka A3, yaani kutoka malighafi mpaka mlango wa kiwanda, ukafunga kitabu.

Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa. Kilo 1 ya mbao kavu imefunga takribani kilo 1.8 za hewa hiyo. Rudi kwenye mita yetu ya mraba: kilo 27 za chipbodi, ukitoa gundi na unyevu, tuseme zimebaki 22 za mbao. Zidisha, utapata kama kilo 40 zilizowekwa humo kama amana. Mtengenezaji anaruhusiwa kuziandika kwa alama ya kutoa pale mbao zinapoingia kiwandani, na zinaweza kuumeza moshi wote wa chuma na gundi. Lakini amana ina mwenyewe. Shuka mpaka safu ya C3 au C4, siku paneli inapochomwa au kutupwa: zile 40 zinarudi zote, kwa alama ya kujumlisha.

Ndiyo maana marekebisho ya EN 15804 ya mwaka 2019, yanayoandikwa A2, yamelazimisha karibu kila bidhaa ionyeshe mwisho wake pia, na kaboni ya mbao itengwe na ile ya makaa na mafuta. Ukiona EPD imeishia A3, jua ni ya kanuni za zamani au bidhaa yake ina msamaha maalumu. Linganisha mstari wa kaboni ya visukuku, yaani hiyo ya makaa na mafuta, peke yake kwanza.

Angalia pia kama unalinganisha sakafu mbili zinazofanana. EN 12825, kiwango cha Ulaya cha sakafu hizi, kina madaraja 6 ya nguvu; la kwanza huvunjika kuanzia kilonyutoni 4 (kama uzito wa kilo 400), la sita kuanzia 12. Sakafu dhaifu ina chuma kidogo, lazima ionekane safi. Na miguu je? Yenye urefu wa milimita 150 si sawa na ya mita nzima chini ya chumba cha seva. Ukurasa wa kipimo cha tamko, unaosema ni sakafu ipi na kiasi gani kilichohesabiwa, utakwambia, na ndio ukurasa ambao watu huruka.

Mwalimu, tumeng'oa sakafu ya kuinuliwa mita 400 za mraba katika ofisi moja Posta, Dar. Mteja mwingine anaitaka. Nitampa EPD gani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

EPD ya zamani usimpe, ilikuwa ya paneli mpya. Ila una kitu bora. Kwa hesabu za EN 15804, kitu kinachotumika tena hakibebeshwi tena moshi wa kukitengeneza. Unahesabu kukichukua, kukisafisha, kukirekebisha na kukisafirisha. London wanang'oa na kupanga upya paneli hizi kila siku.

Mita 400 ni paneli 1,111 hivi, kama ni za milimita 600 kwa 600. Zipange kwa mafungu kabla hujaahidi bei: zilizonyooka, zilizobonyea kona, zilizovimba kwa maji. Zilizovimba usizipeleke kokote. Za fungu la kwanza toa chache zikapimwe nguvu maabara, kisha niandikie umebaki na ngapi.